Tumbawe Lililozaa Kabla Yangu

Miezi niliyoogopa kuliko yote maishani mwangu niliipitisha nimelalia ubavu wa kushoto, sebuleni kwetu Isevya, mjini Tabora, nikitazama tangi la kioo lililofunikwa kaniki.

Nilikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hiyo, ya kwanza ikiwa changa hata sijaizoea, ya pili ikiwa imeshaanza kucheza. Ya tatu ilipofika mwezi wa tano nikaona damu. Daktari akanipima, akaniambia nilale. Nikamuuliza nilale mpaka lini, akasema mpaka ujifungue, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya sokoni. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimezoea kusimama na kupaza sauti, na nyumbani wananijua kwa mdomo. Kulazwa kama gunia la karanga kulinitia hasira kwanza. Hofu ilikuja baadaye, na ilipokuja haikuondoka.

Chumbani kulikuwa na joto lisilovumilika, kwa hiyo mume wangu alinitandikia kitanda sebuleni, karibu na feni iliyoungwa kwenye betri. Betri hiyo haikununuliwa kwa ajili yangu. Ilikuwa ya tangi, mimi nilikuwa nadandia tu.

Inabidi nieleze habari za tangi lenyewe. Mume wangu ni fundi wa mafriji. Ujanani alifanya kazi Dar es Salaam kwa mtu aliyefuga samaki wa mapambo na matumbawe, na siku ya kurudi Tabora, badala ya kuja na sofa au pikipiki kama wenzake, alikuja na vioo, ndoo za chumvi, na mifuko ya maji yenye vitawi vya mawe. Vilikuwa vitawi vya matumbawe magumu, vilivyokatwa kutoka matumbawe ya bosi wake, ambayo nayo yalikulia tangini. Alitengeneza kipoza maji kutoka friji bovu, akakinga maji ya mvua kwa karatasi ya nailoni ili ayachanganye na ile chumvi, na kabla mwaka haujaisha tukawa na kipande cha bahari mahali ambapo mtu akitaka kuiona bahari sharti alale kwenye treni. Majirani walikuja kutazama, wakauliza kama mawe yale yanakula ugali. Aliwajibu wote kwa upole kwamba jiwe ni nyumba tu. Wenyewe ni vinyama vidogo, kila kimoja na kitundu chake, mdomo wake na tumbo lake, vimeshikana mwili mmoja na kujenga pamoja.

Taa ya tangi ni kali na ina joto, na Oktoba ya Tabora haihitaji kusaidiwa. Kwa hiyo aliamua taa iwake usiku, hewa ikipoa, na mchana tangi lifunikwe kaniki nzito lipate giza. Usiku wa matumbawe ukawa mchana wetu, na kwao kulipambazuka pale kwetu jua linapozama. Nilikaa humo siku nzima, ubavuni mwa usiku wa wenzangu, nikisikiliza pampu.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibika akili, na nasema hivyo bila kujionea huruma. Pampu ikinguruma najiambia mtoto yuko salama. Umeme ukikatika na betri ikichelewa kushika, hata kwa kitambo cha kumeza mate, mkono wangu unakimbilia tumboni. Mume wangu alizoea kuongeza matumbawe kwa kuyakata. Alichukua koleo, akavunja kitawi, akakibandika kwa gundi juu ya kijiwe, na baada ya muda kitawi kilishika, kikatambaa, kikawa tumbawe jingine. Zamani nilimtania kwamba anapanda mihogo baharini. Sasa nilipousikia mlio wa koleo nilimwomba aache, na aliponiuliza kwa nini nikasema kelele zinaniumiza kichwa. Mwalimu mzima, ninayewafundisha watoto wa watu jinsi mvua inavyotokea, nimeufunga uhai wa mwanangu kwenye mashine ya kusukuma maji.

Mimba ilipokaribia mwezi wa nane mama yangu akaja kutoka Kwihara kuniuguza. Alikuja na michembe ya viazi vitamu, karanga, dumu la asali, rozari shingoni, na ndani ya kitambaa, bangili ya shaba.

Nyumba ikabadilika mara moja, maana mume wangu na mama yangu hawakuwa watu wa kukaa chumba kimoja. Kwetu mkwilima na mama mkwe huheshimiana kwa kukwepana. Mume wangu alikohoa getini kabla ya kuingia, mama akachukua kanga yake akakimbilia jikoni na kushusha pazia. Hawakula pamoja, hawakutazamana usoni, na neno lolote walilokuwa nalo lilipitia kwangu.

"Mwambie mkwilima sukari imekwisha," mama anasema nyuma ya pazia.

"Mwambie mama nitaleta jioni," anasema mume wangu, akiwa amesimama hatua chache kutoka kwenye pazia hilohilo.

Mimi nimelala katikati, nimekuwa bomba. Kuna siku nilichoka nikawaambia mnasikiana vizuri sana, niacheni nipumzike. Wote wawili wakanyamaza kwa aibu, na chai ya siku ile tukainywa bila sukari.

Sasa, kila mgeni aliyeingia kwetu mume wangu alimpa masharti ya tangi kabla hajamkaribisha kiti. Usitie mkono majini, una sabuni na mafuta. Usipulize dawa ya mbu. Usidondoshe chuma, na shaba ndiyo kabisa, hata sarafu, kwa sababu shaba ikiyeyuka kidogo tu kwenye maji yale inaua kuanzia konokono mpaka tumbawe. Aliyasema hayo kwa watoto, kwa mafundi wenzake, hata kwa padri aliyekuja kuniombea. Lakini mama mkwe hapewi masharti na mkwilima. Akaniambia mimi nimfikishie. Nikamwambia mama asitie mkono majini. Akaitikia, na kusema kweli hakutia mkono.

Bangili ile nilikuwa naijua tangu utoto. Ni waya mnene wa shaba uliosokotwa, umelainika kwa kuvaliwa na mikono ya wanawake wa ukoo wetu mmoja baada ya mwingine. Inasemekana aliyeileta alikuwa mpagazi, enzi za misafara, kutoka huko magharibi shaba ilikotokea. Mwanamke wa kwetu huvishwa bangili hiyo mimba inapotimiza mwezi wa nane, na huivua kitovu cha mtoto kikidondoka. Mimba zangu mbili hazikufika mwezi huo, kwa hiyo sikuwahi kuivaa. Mama alipoifunua nilinyoosha mkono niiguse. Akairudisha kwenye kitambaa akasema bado kidogo.

Jioni moja, magharibi imekaribia na mume wangu bado yuko kazini, nilimwomba mama ainue kaniki. Ule ndio wakati niliokuwa naupenda, kabla taa haijawaka, mwanga hafifu wa dirishani ukiingia tangini kama alfajiri. Mama aliikunja kaniki kwa adabu, akiishika kwa ncha za vidole. Tangu siku ya kwanza hakupenda kuona kaniki, nguo ya matambiko, juu ya maji.

Katikati ya tangi lilikuwapo tumbawe la matawi, la rangi ya waridi, ukubwa wa kichwa cha mtoto. Kutoka kwenye vitundu vyake vilikuwa vinatoka vitu vidogo vya kahawia, mfano wa ufuta. Kinatokeza kimoja mdomoni mwa kinyama, kinasita, kinajivuta, kinaachia, halafu kinaogelea kuelekea juu. Kingine hapa, kingine pale. Havikuwa uchafu, maana uchafu hauchagui njia. Mume wangu aliwahi kunieleza kwamba aina nyingine humwaga mayai na mbegu majini zikutane zenyewe, ila aina hii hulea watoto tumboni na kuwatema wakiwa tayari kuogelea, watafute jiwe la kukaa. Alikuwa amengoja miaka kuliona jambo hilo.

"Ni nini hicho?" mama akauliza.

"Linazaa, mama." Nilicheka kwa furaha, cheko langu la kwanza baada ya wiki nyingi.

Mama hakucheka. Aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akakaa kitandani miguuni pangu.

"Kumbe humu ndani mko wawili," akasema.

"Wawili nini?"

"Wenye kuzaa."

Nilijua anachosema. Nilipokuwa mdogo, shangazi yangu na mama mdogo walishika mimba wakati mmoja katika nyumba ya babu. Mama mdogo akahamishiwa kwa jirani mpaka alipojifungua, na hakuna aliyeuliza sababu. Katika ukoo wetu watu wanaamini kwamba waja wazito wawili wakikaa chini ya paa moja, atakayetangulia ndiye anayefungua njia. Uzazi wake ukiharibika, wa nyuma yake anafuata.

"Mama, hili ni tumbawe."

"Si umesema lina mdomo? Si umesema lina tumbo?" Akasimama. "Mwambie mkwilima alihamishe, alipeleke kwa watu."

Nikamweleza kwamba halihamishiki, likitolewa maji yake litakufa. Nilisema hilo bila kufikiri. Niliona uso wa mama unavyobadilika, nikatamani nilimeze neno, lakini limeshatoka. Akapitisha mkono kwenye paji la uso wangu, akaenda jikoni kusonga ugali.

Mume wangu aliporudi nilimweleza habari ya viluwiluwi vya tumbawe. Alipiga magoti mbele ya kioo na tochi yake kama mtu aliye kanisani, akaviona vichache vilivyobaki vikizunguka. Alifurahi mno. Sikumwambia maneno ya mama. Ningeyasemaje? Kwamba mama anaogopa, au kwamba mimi naogopa?

Kesho yake usiku mume wangu akaona matumbawe yamejikunja, akalaumu joto. Siku iliyofuata, mchana, alipita nyumbani kuongeza maji. Mama akakimbilia jikoni kama kawaida. Mume wangu akainua kaniki, akawasha tochi, akabaki ameinama. Nikageuza shingo. Konokono walikuwa wamedondoka kutoka kwenye kioo, wamelala chali mchangani. Kamba wawili, wale wembamba wenye mistari myekundu, walikuwa wamelala ubavu. Hakuna tumbawe hata moja lililokuwa limefungua mdomo.

Alizunguka tangi polepole. Nyuma, kwenye kona ambayo mimi sioni, alikuta uzi mwekundu umefungwa kwenye bomba. Akauvuta. Ikatoka bangili, inachuruzika maji, ukungu wa kijani umejaa kwenye misokoto yake.

Alijua ni ya nani, maana nilishamsimulia. Namshukuru mpaka leo kwamba hakupaza sauti. Alisimama katikati ya sebule, bangili kiganjani, mgongo kauelekeza jikoni, akaniambia mimi:

"Muulize mama imekaa tangu lini."

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, ndogo: "Mwambie tangu juzi jioni. Nilimpa aliyetangulia, azae salama."

"Mwambie mama shaba inawaua hawa viumbe."

Tulisikia sufuria ikiwekwa chini taratibu. Mimi nilikuwa sipeleki tena ujumbe wa mtu, nilikuwa nimeushika mdomo wangu kwa mkono. Kisha mama akasema, na safari hii sauti ilikuwa imepasuka:

"Muulize mkwilima. Hao wakifa, mwanangu je?"

Mume wangu ni mtu asiyejua kudanganya, ni kilema chake. Akasema, "Mwambie mama havihusiani," lakini alinitazama tumbo alipokuwa anasema, na mimi nilimwona.

Hakurudi kazini siku ile. Alikuwa na pipa la maji ya chumvi yaliyochanganywa tayari, akamwaga ya tangini kwa ndoo na kutia mapya, akatumbukiza mifuko ya mkaa maalumu wa kunyonya sumu. Kila alipopita na ndoo mama alirudi nyuma ya mlango wa uani, na kila alipotoka mama alikuja kwenye pazia kunitazama. Hakunivisha bangili. Alisema haiwezi kwenda kwenye mkono wa mtu baada ya kukaa na kifo. Na kuniacha bila bangili pia kulimtesa. Alikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Alikuja na rozari akakaa mahali ambapo angeweza kunigusa mguu, na aliposali aliruka maneno.

Jioni taa ya tangi ilipowaka ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo nikiliota naamka. Tumbawe la waridi lilikuwa linabambuka nyama. Mwili uliokuwa umeshikana ulikuwa umekatika vipande vipande, na vinyama vilikuwa vinang'oka kimoja kimoja kwenye vitundu vyao, vinaelea, laini, kama mchele uliolowana. Walipoondoka palibaki mfupa mweupe. Havikuwa vitoto hivi. Vile vya juzi vilitoka mama yao, tumbawe, akiwa mzima. Safari hii mama mwenyewe ndiye aliyekuwa anatoka.

"Limekufa," nikasema.

"Halijafa." Mume wangu alikuwa amelowa mpaka mabegani. "Wanahama. Maji yakiwa hayafai kabisa, kila mmoja anajikata na kuiacha nyumba. Akibahatika kupata mahali pa kushika, anaanza upya, anajenga nyingine."

"Wangapi hubahatika?"

Angeweza kusema wengi. Nilimwomba kwa macho aseme wengi.

"Wachache," akasema.

Siku zilizofuata kichwa kiliniuma. Miguu ilivimba, viatu vya mama navyo vikanikataa. Niliona vimulimuli mbele ya macho hata nikiyafumba. Sikusema. Nilijiambia ni hofu, na hofu nilikuwa nimeizoea, ilikuwa inalala na mimi kitanda kimoja. Tena niliogopa kwamba nikisema, mama atajua ameniua.

Ikafika jioni nyingine. Mume wangu alikuwa uani anakoroga chumvi, mama ananiletea uji. Taa ilikuwa haijawaka, au niliona hivyo.

"Mbona leo mmechelewa kuwasha taa ya tangi?" nikauliza.

Mama akasimama na kikombe. "Taa inawaka, mwanangu."

"Haiwaki."

Nilisikia kikombe kinawekwa. Nikasikia pazia linavutwa, hatua zinakwenda upesi, mlango wa uani unafunguliwa, na mama yangu, ambaye tangu niolewe hakuwahi kumtamkia neno mume wangu ana kwa ana, anaita.

"Mkwilima."

Sauti ya mti uliokuwa unakoroga pipa ikakoma.

"Mkeo haoni," mama akasema. "Njoo umbebe."

Alikuja mbio. Alinishika mabegani, mama akanishika miguu, wakanitoa nje wakigongana milangoni. Kwenye bajaji walinikalisha katikati yao, na kwa vile kiti ni kidogo mkono wa mama ulipita nyuma yangu ukashika bega la mkwe wake, tusije tukaanguka. Hakuna aliyeomba radhi. Nilikuwa nasikia mama anamwambia dereva aendeshe haraka, mume wangu anamwambia aendeshe polepole, na mwishowe mama anamuuliza mume wangu moja kwa moja, "Atapona?" na mume wangu anajibu, "Sijui, mama."

Hospitali walipima presha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hawakuamini ilivyopanda. Daktari alikuwa mwanamke, kijana kuliko mimi. Aliniinamia akasema kwamba mtoto lazima atolewe leo.

"Bado hajafika miezi," nikasema.

"Najua. Lakini humo ndani hapamfai tena."

Sidhani kama mwenyewe alijua alichoniambia. Nilipokuwa nasukumwa kwenda chumba cha upasuaji sikusali. Nilikuwa narudia neno moja tu, wachache, wachache, mpaka nesi akaniuliza nahesabu nini.

Alikuwa msichana. Alilia kidogo sana, sauti kama ya mlango unaohitaji mafuta, kisha akanyamaza, na wakati aliponyamaza nilifika mahali ambapo sitaki kufika tena. Halafu akalia mara ya pili. Macho yangu yalianza kurudi kesho yake, na kitu cha kwanza nilichokiona vizuri ni mkono wake, mwembamba kama kidole changu, ngozi inayoonyesha ndani.

Vitoto vya namna hiyo hufungwa kifuani, ngozi kwa ngozi, vipate joto la mtu. Manesi wanaita kangaruu. Nilimbeba mpaka homa iliponipanda na mshono ukaniwaka moto, nikashindwa kumshika sawasawa. Nesi akaona.

"Bibi yake yupo? Avue blauzi, apokee."

Mama alikuwa amesimama ukutani. Tangu tufike hospitali alikuwa amefua, amepika, amenilisha, amenisafisha, lakini mtoto hakumgusa. Nilidhani anaogopa udogo wake. Akaficha mikono nyuma.

"Atafutwe mwingine," akasema.

"Mwingine nani, mama?"

Akatoka. Kupitia dirishani nilimwona uani penye bomba, na mume wangu, aliyekuja kuleta chai, amesimama karibu naye akishika chupa. Sasa walikuwa wanaongea bila mimi, kwa shida, kama watu wanaojifunza lugha.

"Mawe yako yamekufa?" mama alikuwa anauliza, huku akijisugua viganja kwa sabuni ya kipande.

"Mengi, mama."

"Yote?"

"Si yote. Kuna vinyama vichache vimeshika kwenye kioo."

Mama akatikisa kichwa, akasuuza, akapaka sabuni upya. Mume wangu alisimama pale bila kujua aondoke au abaki. Alipoona sabuni imebaki kipande chembamba, aliweka chupa chini, akafunga bomba, akarudi nyuma akainamisha macho kama ilivyo adabu.

Mama akaingia wodini, mikono kainyoosha mbele ikidondosha maji, wekundu umetanda mpaka kwenye viwiko. Akanisogezea viganja usoni.

"Ninuse," akaninong'oneza. "Bado vina shaba?"

Nilivinusa. Vilikuwa na harufu ya sabuni, na chini ya sabuni harufu ya mama. Nikamwambia havina. Akasema ninuse vizuri. Nikanusa tena, kimoja baada ya kingine, nikamwambia havina, mama, havina kitu. Nesi akamfungua blauzi, nikamfungua mtoto kifuani kwangu, tukamlaza kwake na kumfunga kanga. Mama alikaa wima, hajathubutu kuegemea, viganja viwili juu ya mgongo ule mdogo lakini haviugusi sawasawa.

"Anapumua?" akauliza.

"Anapumua."

"Na sasa?"

"Anapumua, mama."

Mtoto huyo sasa anakimbia uani na kuvunja vikombe, na ana mdomo kama wangu. Lakini mama akija kutoka Kwihara na kumkuta amelala mchana, hasogei karibu. Husimama mlangoni na kuniuliza kama anapumua. Simcheki. Naenda kuangalia, ndipo nimjibu.